Mukwe Wangu Aliyeingia Kinyumenyume

Providence, mujukuu wangu, ameniletea kaye ya kuandikia na biki, akaketi mbele yangu kama polisi. Anataka niandike habari ya baba yake. Anasema walimu wa shule yake wanakusanya habari za akina baba wa Likasi, wale waliofanya kazi na kulea watoto mu miaka ile mibaya, watoe kitabu kidogo cha kusomwa na wazazi. Nikamuuliza, kwani baba yako amekufa? Hapana, yuko nje, anachambua maharagwe. Basi mwende mumuulize yeye. Anasema baba hatasema kitu, atacheka tu.

Hiyo ni kweli. Lakini minye mwenyewe ni mwanamuke muzee. Mara ya mwisho kuandika ilikuwa mu fwaye ya wanawake mu kambi ya kampuni, pale masista walitufundisha kushona, kuoka keki na kuandika barua, na barua yenyewe sikuimaliza. Vidole vyangu vinajua mwiko, havijui biki. Na tena kuandika juu ya mukwe! Kwetu muntu hataji jina la mukwe wake ovyo ovyo. Nitalitaja mara moja, munisamehe: Théodore. Basi. Kuanzia hapa ni mukwe wangu, na wengine walimwita Papa Elie kwa jina la mutoto wake wa kwanza.

Ili mumuelewe, niseme kwanza juu ya bwana yangu, marehemu Georges, ambaye hakuwa na kosa. Sirene ya usine ya shaba ikilia, anaenda. Sirene ikilia tena, anarudi, anakula bukari, analala. Watoto wetu sita walimujua kwa sauti ya viatu vyake. Siku moja alimutandika mutoto wa jirani mu uwanja wetu, alifikiri ni wake. Hakuna aliyemulaumu, juu kampuni ilitoa nyumba, ilitoa posho ya unga na samaki ya chumvi, ilitoa shule na dokta. Tulikuwa tunasema: kazi njo baba, kazi njo mama. Sasa kama kazi ndiyo baba, baba mwenyewe afanye nini nyumbani? Alale.

Halafu yule baba na mama akaanza kuugua. Mu mwaka wa 1994 posho ilikuwa imekatika, mushahara unakuja kama mvua ya mwezi wa saba, na usine inalala siku tatu, inaamka moja. Binti yangu Marceline, muke wa huyo mukwe, hakungoja. Alianza kupanda juu ya kamyo ya mizigo mpaka Kapolowe, ananunua samaki ya ziwa, analala huko siku mbili tatu kwa shangazi yake Émérence karibu na misheni, anarudi na vitunga vyake kuuza soko. Akanitumia habari kule Kakanda, nilikokaa kwa mutoto wangu mukubwa: mama, kuja unisaidie na watoto.

Nikajibu hapana. Munaona ni roho mubaya? Ngojeni.

Kwetu mama-mukwe na mukwe mwanaume hawaangaliani uso. Hawapiti njia moja, hawalali chini ya bati moja, yeye hali mbele yangu, na hatuongei. Ni heshima. Heshima hiyo inafunguliwa kwa kuku nyeupe, inaletwa na mukubwa wa upande wa mwanaume, watu wanapiga makofi, mama-mukwe anapokea, kisha munaweza kusalimiana kama watu. Sasa mukubwa wa mukwe wangu alikuwa mujomba mumoja tu, anakaa Kamina. Wakati wa ndoa alisema anakuja. Miaka ya kwanza alichelewa kwa uvivu. Miaka iliyofuata treni haikupita tena, ikamupa sababu. Miaka tisa kuku haikufika, na miaka tisa mukwe wangu alinikimbia. Muntu murefu kama nguzo ya umeme! Kila nilipokuja Likasi, nilikuwa nikimuona mu soko anaruka nyuma ya mifuko ya makala ya kupikia, kichwa chote kinabaki nje. Sitawadanganya, nilifurahi kila mara. Siku nyingine nilizunguka soko mara mbili kusudi aruke tena.

Watu waliniambia, mama, usamehe hiyo kuku, mambo yamebadilika. Nikasema mambo yamebadilika, kuku hazijabadilika.

Lakini Marceline alipotuma habari mara ya tatu, akasema mutoto wake wa mwisho alipata kikohozi juu ya kamyo, nilifunga mizigo. Mutoto huyo alikuwa Providence, huyu polisi wa leo. Alikuwa na mwaka mumoja, ameachishwa ziwa, anatambaa tu, makalio mazito.

Tukafanya sheria. Minye nalala mu jiko la nje, nyuma ya nyumba. Mulango wa nyuma ni wangu, mulango wa mbele ni wa mukwe. Marceline akiwepo, habari zinapita kwake. Asipokuwepo ni hivi: asubuhi sirene ya kwanza ikilia, mukwe anamuweka mutoto juu ya mukeka katikati ya salo, chumba cha mbele, anakohoa mara tatu, anatoka kwa mbele. Minye nikisikia mulango, naingia kwa nyuma, namuchukua. Akirudi, mambo yanageuka: minye namuweka mutoto, nakohoa, natoka. Jirani yetu Godefroid, ambaye kinywa chake hakina kifuniko, alisema nyumba ile ina kifua kikuu.

Na kama kulikuwa na neno la kusema? Kati ya jiko langu na nyumba kulisimama kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo. Tuliongea na kinu. Nilisema kwa nguvu kutoka ndani ya jiko, "Kinu, umuambie mwenye nyumba sabuni imeisha." Kutoka nyuma ya dirisha sauti ikajibu, "Kinu, umuambie mama asante, na mutoto alikunywa uji yote." Tuliishi hivyo miezi mingi. Kinu hakikuchoka.

Sasa, kwa kuwa sikuweza kumuangalia, nilianza kuangalia kazi zake. Alikuwa anafanya kazi mu chumba cha asidi, anatoa mabamba ya shaba mu mabeseni makubwa, suruali zake zote zilikuwa na matundu. Anarudi saa nane, miguu inamuuma, na badala ya kulala kama Georges, nasikia anamuimbia mutoto, vibaya sana, nyimbo za misa. Nasikia anakatakata sombe. Anafua nguo za mutoto na kuzitundika mbele ya nyumba, sio nyuma, mbele, pale mutaa wote unaona. Godefroid akapita akamwita Mama Elie mwenye ndevu. Yeye akajibu, ndiyo, na nguo zako wewe kaka nani anazifua, juu nasikia harufu yake kutoka hapa.

Juma la kwanza alikosea. Alifua nguo za mutoto mu beseni moja pamoja na nguo zake za kazi. Asidi ikala. Nilipomuvalisha Providence kesho yake, nguo ilikuwa na matundu madogo madogo pande zote. Nikatoka mpaka karibu ya kinu, nikasema, "Kinu, umuambie mwenye nyumba mutoto haiko chujio." Nyuma ya dirisha nikasikia muntu anacheka ndani ya mukono wake. Na minye nikarudi haraka mu jiko, juu nilikuwa karibu kucheka pia, na mama-mukwe hachekei mukwe. Mukicheka pamoja, heshima imeanguka.

Sasa fikeni kwenye jambo lenyewe.

Ingawa usine ililala, majina yaliitwa kila asubuhi kwenye mulango mukubwa. Aliyeita majina alikuwa Ambroise, muntu mufupi, shingo ngumu, hacheki hata Noeli. Sheria yake: ukikosa mara tatu bila ruhusa, jina linafutwa. Na jina likifutwa, nyumba ya kambi inachukuliwa, unatoka na sufuria zako juu ya kichwa. Mukwe wangu alikuwa amekosa mara mbili. Mara ya kwanza alikaa ku dispanseri na Tina, mutoto wake wa pili, aliyeshikwa na homa. Mara ya pili Marceline hayuko, unga hakuna, alisimama mu mustari wa mashini ya kusaga mpaka saa tano. Ilibaki moja tu. Familia nzima ilikuwa imekaa juu ya hiyo moja.

Ilikuwa likizo, Elie na Tina wamemufuata mama yao Kapolowe. Kamyo yao ilipaswa kurudi siku ya pili, haikurudi. Siku ya tatu asubuhi, nikaenda kuchota maji ku robine, nikateleza juu ya sabuni ya watu, muguu ukageuka. Nilirudi nikijivuta kwa makalio mpaka mu jiko, na sikumuambia muntu. Nani ningemuambia? Saa ile mu kambi hakukuwa tena na mwanamuke. Wote walikuwa wamekwenda mashamba au kufuata makala, hata Henriette, muke wa Godefroid.

Sirene ya kwanza ikalia. Nikasikia mukwe anakohoa mara tatu. Mulango wa mbele ukafungwa. Providence akabaki juu ya mukeka, akangoja kidogo, akaanza kulia. Nikajaribu kusimama. Muguu ukakataa. Nikajaribu tena, nikaona nyota mchana.

Mutoto analia. Viatu vya mukwe vilikuwa vimefika barabarani, vikasimama. Vikarudi. Akazunguka nyumba, akasimama upande wa pili wa kinu.

"Kinu, mama iko wapi?"

Nikasema, "Kinu, umuambie aende ku kazi. Minye niko muzima."

"Kinu, muntu muzima anaamukaka."

Ilikuwa mara ya kwanza muntu kunishinda kwa maneno mu mwaka ule. Labda aliona alama mu udongo pale nilipojivuta, akauliza, "Kinu, ni muguu gani?" Nikasema wa kuume, na kwamba muguu wangu haumuhusu, nyumba itachukuliwa, aende. Nilisema kwa ukali juu niliogopa. Niliona sufuria za Marceline juu ya kichwa chake.

Akaingia ndani, mutoto akanyamaza. Kisha nikaona kitu ambacho sijaona tena mu maisha yangu. Mukwe wangu aliingia mu jiko langu kinyumenyume. Mugongo mbele, kichwa kimeinama kusudi kisigonge bati, na juu ya mugongo ule Providence amefungwa na kikwembe cha mama yake, kimefungwa sawasawa, fundo mahali pake, kuliko wanawake wengi ninaowajua. Providence akageuza shingo, akaniona, akacheka kwa meno yake mawili. Mukwe akarudi nyuma hatua moja, hatua nyingine, akanyoosha mukono bila kuangalia, akaniwekea beseni la maji baridi. Akatoka hivyo hivyo, akarudi tena kinyumenyume na sahani ya bukari ya jana. Akakanyaga kuni, akayumba, mutoto akapiga kelele ya furaha. Hakuniangalia hata kwa pembe ya jicho.

Akafika ku kinu, akasema, "Kinu, umuambie mama: jina na mutoto, nitabeba byote bibili."

Akaondoka mbio, sirene ya pili inalia.

Yaliyotokea ku mulango wa usine sikuyaona. Godefroid aliyaona, alikuwa mu mustari, na ameyasema mara nyingi hivi kwamba hata mbwa wa kambi wanayajua. Anasema mukwe wangu alifika anahema, mutoto mugongoni, na kicheko kikatembea kutoka mwisho wa mustari mpaka mwanzo. Ambroise akafunga kitabu chake. Akasema hapa tunaandika wafanyakazi, hatuandiki wanaonyonya, na mu chumba cha asidi mutoto hataingia. Rudi nyumbani, akasema, na hiyo itakuwa mara ya tatu.

Mukwe akamuomba aandike kwanza, aulize kisha. Ambroise akauliza mama wa mutoto yuko wapi. Kapolowe, kamyo imekufa. Hakuna muntu mwingine mu nyumba? Yuko mama-mukwe, lakini ameanguka, hawezi kusimama.

"Umuwekee mutoto pembeni, amuangalie akiwa amekaa."

"Chef, namuwekea namna gani? Sijaleta kuku."

Godefroid anasema hapo kicheko kilikatika. Wanaume mia tatu, na kila mumoja ni mukwe wa mwanamuke fulani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kumuweka mutoto mikononi mwa mama-mukwe kabla ya kuku! Wakamuangalia Ambroise. Na Ambroise akaangalia chini, juu kambi yote ilijua kwamba yeye mwenyewe, aliyewatetemesha watu, alizunguka njia ya nyuma ya kanisa kila siku kusudi asipite mbele ya nyumba ya mama wa muke wake.

Akafungua kitabu. Akaandika jina. Kisha akanyoosha mikono yake mifupi, akasema, "Lete. Hapa ku kibanda hakuna asidi."

Providence alikuwa amechoka kulia na kucheka, akalala juu ya kifua cha Ambroise palepale. Majina yalikuwa hayajaisha. Godefroid anasema Ambroise aliita yaliyobaki kwa sauti ya muntu anayesali, na wanaume, wale wenye makoo ya kupiga kelele juu ya mashini, wakajibu mumoja mumoja, polepole, "Prezan." "Prezan." Mpaka wa mwisho. Alidai hajawahi kusikia usine inaongea hivyo.

Saa nne umeme ukakatika, wakawaachilia. Minye niko mu jiko, muguu mu beseni, nawaza sufuria, nikasikia makofi. Makofi ya heshima, ya taratibu, ya watu waliochuchumaa. Nikavuta kikwembe nikafunika kichwa, nikachungulia. Wanaume kama nane mu uwanja, na mbele yao Ambroise, kofia mukononi, kuku chini ya kwapa. Mukwe wangu alikuwa nyuma kabisa, amegeukia ukuta, na mutoto mugongoni.

Ambroise alikuwa ameambiwa na Godefroid kwamba mu uwanja ule watu wanaongea na kinu. Akakiinamia kinu. Akasema yeye anasimama mahali pa mujomba wa Kamina, juu treni haitakuja leo wala kesho, na kwamba mama akubali, mukwe wake ametembea miaka tisa na shingo imepinda.

Nikaangalia kuku. Nyeupe. Nyeupe sana, nyeupe kupita kuku. Nikasema, "Kinu, umuambie mukubwa huyu aisogeze karibu."

Akaisogeza. Kuku ikachoka kushikwa, ikapanua mabawa, ikajipukuta kwa nguvu zake zote. Wingu la unga likapanda, likamufunika Ambroise uso mpaka masikio, na ndani ya wingu ikatoka kuku nyekundu kama tofali. Ilikuwa kuku ya nyumbani kwake. Walikuwa wameipaka unga kwa Godefroid, kikombe kizima, mu mwaka ambao watu walilamba mifuko!

Ambroise amesimama mweupe, kuku iko nyekundu. Nilitaka kukasirika, nawaapia. Nilikuwa na haki yote. Nilifungua kinywa kusudi niseme rudini na hiyo tofali yenu, na kilichotoka ni kicheko. Nilicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Na nyuma kule ku ukuta, ile sauti iliyochekaga ndani ya mukono, ilicheka wazi. Akageuka. Nikaondoa kikwembe.

Niliona uso wa mukwe wangu. Nilifikiri ni muntu wa uso mukali, kwa urefu ule. Hapana. Alikuwa na macho ya muntu asiyelala vya kutosha na alama ya asidi juu ya nyusi. Akasogea, akapiga magoti, hata hivyo alikuwa murefu kunizidi. Akatafuta neno la kwanza la miaka tisa, nikaona linamukimbia.

"Mama," akasema, "mutoto alikunywa uji yote."

Nikasema, "Najua. Kinu kilishaniambia."

Akanipa Providence mukononi, yeye mwenyewe, na minye nikamupokea.

Marceline alirudi jioni na samaki zake. Akatukuta, mama yake na bwana yake, tunakula kuku mu sahani moja, na Ambroise anachukua paja. Akaangusha kitunga. Elie na Tina wakaokota samaki uwanja mzima.

Jina halikufutwa, na nyumba ni hii ninayoandikia. Ambroise, Jumapili iliyofuata, alipeleka kuku kwa mama-mukwe wake, na ile ilikuwa nyeupe ya kweli, nilikwenda kuhakikisha. Usine iliendelea kulala na kuamka, Marceline aliendelea kupanda kamyo, na mukwe wangu aliendelea kuvaa viatu vya kazi asubuhi na kikwembe mchana. Sikusikia tena muntu akimwita Mama Elie. Walikuja kwake kujifunza fundo.

Nimemaliza, kidole kinaniuma. Sasa nyinyi muliosoma. Mumeingia mu mambo ya bukwe yangu mpaka ndani ya jiko, hamukukohoa, hamukupiga makofi, mumeangalia kila kitu kwa macho makavu. Hiyo haifanyiki. Kila mumoja aniletee kuku, ampe Providence shuleni au aje mwenyewe kwa mulango wa nyuma. Nyeupe. Na nitaipukuta kwanza.